Mahali pa Mkono

Tulikuwa tumetoka kumzika mama mdogo, mke wa ndugu wa baba yangu, na watu walikuwa bado wanakula uani kwake nilipotoroka kidogo. Mimi matanga hunichosha. Watu husimama kusema mema ambayo hawakuyasema marehemu alipokuwa na masikio ya kuyasikia. Nikashuka kwa njia ya ng'ombe mpaka ukingoni, pale ambapo nchi yetu ya Manga, huku Kisii, hukatika ghafla na mto husikika chini kabla hujauona.

Nikakuta vijana wa mjini. Gari lao walikuwa wameliacha kanisani, wenyewe wamevaa kofia ngumu za rangi rangi, wanapanda jabali letu kwa kujifurahisha. Siku hizi huja mara kwa mara, nikaambiwa, na boda boda wa pale juu wamekwisha kuwazoea. Msichana mmoja alikuwa ameketi juu ya mwamba, kamba imepita kiunoni mwake, miguu ameikaza kwenye jiwe, anampandisha mwenzake taratibu. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi. Karibu yangu kulikuwa na ndama wa mtu, amefungwa kwa kamba ya mkonge iliyolowa, na ile harufu ya mkonge wenye maji, chachu hivi, kama uji uliolala, ikanipanda puani. Nikaketi chini kwenye majani yaliyolowa na gauni langu la msibani.

Kijana mmoja akaja kunisalimu kwa adabu. Akaniuliza vile vishimo vilivyochongwa kwenye jabali, vya kuingiza vidole na kukanyagia, ni kazi ya kina nani, na mbona vinaishia kabla ya kufika juu. Nikamwambia ni kazi ya wazee. Swali la pili sikumjibu, maana jibu lake ni refu na yeye alikuwa anatweta, anataka maji. Nalijibu hapa, kwa ninyi wa rika langu, mliokua mnapanda na kushuka mahali ambapo leo watu huja kupigia picha.

Babu yangu, mzaa baba, alinieleza hivi. Enzi za kuibiana ng'ombe, watu wetu walichonga njia kutoka mtoni kupanda juu. Katikati ya jabali pana sakafu ya jiwe, pana kama ukumbi mdogo, na hapo waliwaficha wanawake, watoto na mbuzi. Kutoka hapo vishimo viliendelea kupanda, ila kwa makusudi havikufikishwa juu. Viliachwa chini ya jiwe lililotuna kama shavu la mtu mwenye jino bovu, na kutoka hapo mpaka juu hakuna cha kushika. Mtu wa kwetu alipofika hapo aliita, na aliyekuwa juu alilala kifudifudi akamnyooshea mkono. Adui angeita nani? Angebaki ananing'inia hapo mpaka mikono ichoke. Pakaitwa mahali pa mkono.

Vita vikaisha, njia ikabaki, na hakuna aliyeongeza kishimo hata kimoja. Daraja lilikuwa mbali, kuzunguka huko ni nusu ya siku, na ng'ambo ya mto ndiko kulikokuwa na kinu cha kusaga, na njia ya kwenda soko la Ekerenyo. Basi watu wakawa wanavuka kwa mawe ya mtoni, wanapanda, wanafika chini ya lile shavu na kuita. Ukisikia mtu anaita mkono, unaacha jembe ulipo, unakwenda. Hukuulizwa kama una haraka wala kama mmegombana. Nimewaona majirani wasiosalimiana wakivutana pale, halafu kila mtu akashika njia yake na kisirani chake.

Mama yangu hakuzaliwa huku. Alizaliwa Kisii mjini kwa watu wa msikitini, baba yake akiuza vitambaa na nyuzi, na nyumbani kwao Kiswahili ndicho kilichowaamsha na ndicho kilichowalaza. Baba alimpata hapo dukani, alipokwenda kununua kitambaa cha suruali. Mama alikuwa akisema suruali yenyewe haijashonwa mpaka leo. Wakaoana kwa hakimu, kimyakimya. Wazee wa pande mbili hawakuketi pamoja. Wa kwao walisema hawajatoa binti, wa kwetu wakasema hawajaoa, na katikati hapo nikazaliwa mimi, Kemunto, ninayeongea Ekegusii na babu na Kiswahili na mama, nikiitwa Mswahili na binamu zangu kila tulipogombania mapera.

Baba akaugua kifua, akafa. Mimi nilikuwa nimeng'oka meno ya mbele, mapya bado hayajaota. Watu walizika, wakakaa siku zao, kisha wenye ukoo wakaketi kuzungumza, na mimi nikiwa mapajani pa mama mdogo nilisikia yote. Baba mdogo ndiye aliyesimama. Sitaki mumdhanie vibaya, hakuwa mtu wa maneno makali. Alisema mama huyu ameishi nasi vizuri, hana kosa, lakini hakuna mzee aliyemleta. Ni mgeni aliyetutendea mema. Mwenyewe aliyemwita hayupo tena. Mvua zikipungua na asindikizwe kwao kwa heshima. Halafu akasema mtoto ni wa ukoo, mtoto atabaki.

Watu wote wakamtazama babu. Babu akasema amesikia. Basi, hilo tu, amesikia, akachukua kofia yake akaondoka. Mama alikuwa ameketi kando yetu mlangoni na kanga yake kichwani, na mkono wake ulikuwa umenishika kisigino kwa nguvu mpaka kikafa ganzi. Hata leo nikiogopa sana ni kisigino hicho kinachoniuma.

Lakini siku zile sikuogopa kwa muda mrefu, kwa kuwa nilikuwa na hesabu zangu za kitoto. Kila asubuhi mama alivuka ua kwenda kwa babu. Shikamoo baba, alisema, kwa namna ya kwao mjini. Babu aliinuka kwenye kigoda, akampa mkono, akaitika marahaba kwa ile sauti yake iliyozoea Ekegusii, akamuuliza ameamkaje. Kila asubuhi, bila kukosa, mkono. Lakini mama mdogo, masikini, babu hakumpa mkono hata siku moja. Mama mdogo alimsalimia kutoka kule penye ghala la nafaka, macho chini. Wakikutana njiani, yeye alitoka njiani akasimama kwenye majani, babu akapita kama hakumwona. Nyumbani kwa mama mdogo babu hakukanyaga. Nilimhurumia mama mdogo mpaka siku moja nikampa ndizi yangu mbivu, akashangaa nina nini.

Basi nikajumlisha. Mama anapendwa, mama mdogo hapendwi. Kama kuna wa kufukuzwa, ni mama mdogo. Nikamweleza mama hivyo ili nimtulize, nikamwambia asiwe na wasiwasi, babu anampenda, hajamnyima mkono hata siku moja. Mama alikuwa anachambua maharagwe. Akaniangalia, akaendelea kuchambua. Nikaona nimemliwaza vizuri.

Mvua hazikupungua. Zilizidi. Siku moja mama alivuka mto kwenda kinuni, na mimi nilikuwa na babu juu ya jabali, tunachunga ng'ombe mmoja mkaidi ambaye babu hakumwachia kamba hata akila. Kwetu mto huwezi kuuamini. Mvua hunyesha huko milimani, wewe uko kwenye jua, unashtukia maji ya kahawia yamefunika mawe ya kuvukia. Ndivyo ilivyokuwa. Tulisikia mto umebadilisha sauti, na mara mvua yenyewe ikatufikia, nzito. Babu akasema tungoje kidogo, huenda kuna mtu njiani.

Tukasikia kutoka chini ya lile jiwe mtu anaita mkono. Babu akanikabidhi ng'ombe, akalala kifudifudi kama ilivyo desturi, akanyoosha mkono wake wa kulia kabla hajaona anayeita ni nani. Nikachungulia kando yake. Nikaona kanga ya mama, imelowa, imemganda kichwani, na mfuko wa unga mgongoni. Mkono wake ulikuwa juu, vidole vimetanuka. Kati ya mkono wake na wa babu palibaki pa kupita paka tu.

Babu akaurudisha mkono wake.

Mama alisema, "Baba, mkono. Miguu inateleza."

Babu akainuka, akasimama, akaweka mikono yote miwili nyuma. Chini huko hapakuwa na pa kurudi, mawe ya mtoni hayaonekani tena na vishimo vyote, hata vya kushukia kwenye ile sakafu, vinatiririka maji. Nikapiga kelele ambazo sijui zilitoka wapi. Nilimpiga babu miguuni kwa ngumi, nikamwambia amshike, amshike mama. Kelele zangu ndizo zilizowaita mama mdogo na majirani wawili waliokuwa wakipalilia migombani. Wakaja mbio, majembe mikononi, wakasimama.

Babu aliwatazama. Kisha akasema kwa sauti ya kushinda mto, sauti ya mtu anayetangaza jambo mbele ya kanisa, "Huyu ni mke wa mwanangu. Mimi simshiki mkono."

Mimi niliyoyashika ni yale ya mwisho peke yake. Hamshiki mkono. Mama yangu ananing'inia, na mzee huyu ambaye jana tu alimpa mkono, leo anamnyima, mbele za watu. Nilimchukia. Nawaambia kweli, sijawahi kumchukia mtu tena namna ile.

"Kemunto," akasema, "fungua ng'ombe."

Fundo lilikuwa limelowa, nikalifungua kwa meno ya pembeni, mkonge mdomoni. Babu akanipokonya kamba, akaizungusha kiunoni mwake, juu ya koti, akaifunga. Ule mwisho wa pili akaufanyia kitanzi. Akaketi chini, akakaza miguu kwenye mwamba, akakiteremsha kitanzi. Ni pale ambapo msichana yule wa kofia ngumu alikuwa ameketi, jiwe lile lile. Mama mdogo akasogea kutaka kusaidia, lakini hakumgusa babu. Alikwenda mbali nyuma yake akashika mkia wa kamba uliobaki, akajizungushia mkononi.

Mama alipitisha kitanzi kichwani, kisha kwapani, mkono mmoja baada ya mwingine, na ile mara moja alipokuwa hana mkono wowote kwenye jiwe nilifumba macho. Akaubwaga mfuko wa unga uliokuwa mgongoni. Uliangukia mtoni, ukapasuka, weupe ukaonekana kidogo kwenye maji ya kahawia, ukaisha. Babu akaanza kuvuta. Hakuvuta kwa mikono tu, alivuta kwa kuegemea nyuma na mwili mzima, mzee yule, mishipa ya shingo imemsimama, na mguu mmoja ulipoteleza alisogea kuelekea ukingoni kiasi cha hatua nzima. Mama mdogo akapiga magoti kwenye tope. Babu akaupata mwamba tena kwa kisigino.

Kichwa cha mama kikatokea, mabega, tumbo. Alipokaribia, babu alijivuta pembeni na kugeuza uso, ili mama apite bila hata nguo zao kugusana. Mama akatambaa mpaka kwenye majani, akalala. Mimi nikamrukia. Mama mdogo akavua leso yake akamfunika mabegani, na wale majirani wawili wakatazamana, mmoja akaitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyepata jibu. Babu akafungua kamba kiunoni, akamfunga ng'ombe wake, akaondoka.

Usiku ule mama alikuwa anaimba jikoni, wimbo wa harusi wa kwao mjini. Nikajua maskini akili imemruka.

Asubuhi akavaa kanga kavu, akavuka ua. Nikamfuata kwa nyuma. Hakufika kwa babu. Alisimama kule penye ghala, ubavuni pa mama mdogo, macho chini, akasalimia kutoka huko. Babu hakuinuka. Aliitika akiwa ameketi, uso ameelekeza kwenye migomba. Hapo ndipo hesabu zangu zote ziliporomoka. Mama amekuwa kama mama mdogo, asiyependwa. Nikarudi nyumbani mbio, nikaweka gauni langu kwenye mfuko wa shule, nikaketi juu yake mlangoni.

Mama alinikuta hapo akaniuliza nakwenda wapi. Nikamwambia watamfukuza sasa, na mimi sitabaki, nitamfuata mpaka Kisii hata kwa miguu. Nikalia mpaka nikapata kwikwi. Mama akaketi kizingitini, akaufungua ule mfuko, akalitoa gauni, akalikunja vizuri kwenye magoti yake.

"Mwanangu, mgeni ndiye hupewa mkono," akasema. "Hapa kwao, mzee hamgusi mke wa mwanawe, wala haingii nyumbani mwake. Ndiyo heshima yao. Miaka yote hii babu yako alinipa mkono, na kila asubuhi nikiupokea nilijua bado sijaolewa."

Nilihitaji muda kulimeza hilo. Nilirudi nyuma kwa mawazo mpaka kwa mama mdogo na ndizi yangu, na ile huruma yangu yote, nikaona aibu. Lakini hasira haikuisha, hasira ya mtoto haisikilizi hoja. Nikamuuliza, na je, angeanguka?

"Ningeanguka naye," mama akasema. "Hukuona kamba ilikuwa imefungwa wapi?"

Kisha akanituma. Alikuwa ameyeyusha samli na kuiweka kwenye kikopo, ya kumpaka babu, na yeye mwenyewe sasa hakuweza kwenda. Nilikwenda kwa shingo upande. Babu alikuwa kitandani na mlango wazi, na baba mdogo ameketi kwenye kigoda, kofia mkononi, uso wa mtu ambaye majirani wawili wamekwisha kumpitia asubuhi na mapema. Nikaonyesha kikopo. Babu akageuka ukutani akapandisha shati.

Kamba ilikuwa imemzunguka mwili mzima. Palikuwa pamechubuka pekundu, na mahali pengine nyama mbichi yenye nyuzi za mkonge zilizobaki ndani. Nikaanza kuzitoa moja moja kwa kucha. Babu hakusema ah. Mjukuu hana mwiko na babu yake, mimi naweza kumshika ninavyotaka, na mikono yangu ikaona yenyewe kwamba haina haja ya kumchukia. Nilianza kulia tena, machozi yakawa yanadondokea kwenye samli.

"Mama yako amelala vizuri?" babu akauliza, akiongea na ukuta.

Nikamwambia alikuwa anaimba.

Kisha akasema, bado hajageuka, "Mwambie shamba la baba yako lisikae na magugu. Alilime. Na wewe ukiwa mkubwa utamsaidia."

Nikamtazama baba mdogo. Alikuwa anaizungusha kofia yake kwa vidole, anaizungusha tu. Hakupinga. Nikaacha kikopo palepale, nikatoka mbio na mikono yangu ya samli, nikamkuta mama anaanika nguo za jana. Nikampa maneno yale kama nilivyopewa, nikiogopa kuyaangusha njiani.

Mama alishusha kanga aliyokuwa ameishika. Akaketi chini, hapo hapo kwenye tope la ua, akaweka mikono kichwani, akaita jina la baba. Akaliita tena. Akalia kilio ambacho sijawahi kumsikia nacho, siku za msiba wala baada yake, kwa sababu matangani kwetu mwenye kulia kwa sauti ni mwenye msiba, na mgeni hujizuia. Alimlaumu baba kwa kufa. Alimwambia angengoja. Mama mdogo akatoka jikoni, akaketi tope hilo hilo kando yake, akalia naye.

Sauti zikavuka migomba, na majirani wakaanza kuingia uani wakiwa na mashaka, wanawake wamejifunga leso viunoni, wanauliza ni nani tena aliyekufa. Baba mdogo alikuwa amesimama mlangoni kwa babu. Akavaa kofia yake, akawaambia,

"Hakuna msiba mpya. Shemeji yangu anamlilia mumewe."